Shabiki wa Ng'ambo wa Fundi Kelele

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja. Ni mimi niliyemfanya baba aache muziki. Nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa na miaka minane, chini ya meza. Mama alikuwa anamwambia shangazi kwamba baba aliacha mtoto alipozaliwa. Nyumba hii haina mtoto mwingine. Nimetafuta.

Sasa baba ni fundi friji. Zamani alikuwa Fundi Kelele, mtengenezaji wa dramu na besi. Na si ile ya kuchezea! Juu ngoma zinakimbia, mapigo mia na sabini kwa dakika. Chini besi inatembea taratibu kama mtu asiye na miadi. Besi yenyewe ni mngurumo wa friji bovu. Ngoma kazikatakata, kazipanga upya, hujui mguu uuweke wapi. Mama anauita muziki wa mtu anayefukuzwa na nyuki.

Kanda zake kumi na moja ziko stoo, kwenye boksi la pasi. Nazirudia kila siku nikitoka shule, hedfoni masikioni, mgongo mlangoni asiingie mtu. Kila siku nasikia kitu ambacho jana hakikuwepo.

Leo mama katangaza mezani. Jumamosi stoo inasafishwa, ahamie binamu yangu aliyekuja kuishi nasi, maana kwenye kochi miguu inamning'inia. Kanda zitupwe. Mashine ya baba ya kukatia sauti itolewe utumbo, na kasha apewe jirani mfuga kuku, kwa sababu lina matundu mazuri ya hewa. Baba kasema sawa tu, kaendelea kutafuna. Sawa tu! Binamu kanitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Vifaranga ndani ya mashine ya Fundi Kelele! Nina siku tano. Na nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mbele za watu koo langu hujifunga. Ndiyo maana baba huniita Kimya. Lakini nipe karatasi uone.

Nimemwandikia baba barua pepe kutoka ng'ambo. Mwandishi: Sikio Kubwa, mkusanyaji wa muziki wa zamani. Nimeiandika kwa lugha ya pili, ile ya shuleni, ambayo nilipata alama tisini na moja (binamu themanini na nane). Sikio Kubwa kasema amerudia kazi za zamani za Fundi Kelele na usingizi umempaa. Kauliza pia kuhusu kanda ya mwisho, isiyo na jina. Hakuna ngoma, hakuna besi, ni kitu kinaruka tu, kwik, kimya, kwik. Ni mashine gani ile? (Hilo nataka kujua kweli.)

Pigo la kwanza: anwani ya barua pepe ya baba iko kwenye mlango wa karakana, imechorwa kwa rangi, na hakuna aliyeifungua tangu rangi ikauke. Ikabidi nimwambie baba pengine wateja wanaandika huko. Kasahau neno la siri. Nikamkumbusha. Kauliza nimelijuaje. Nikasema nimebahatisha.

Pigo la pili sikulifikiria hata kidogo. Baba, lugha ya pili aliiacha getini siku aliyomaliza shule. Kanipa simu. Kimya, nisomee mwanangu.

Nimekaa kwenye kigoda namtafsiria baba barua yangu mwenyewe! Nikafika mstari wa kwanza, jasho likanitoka. Nilikuwa nimeanza na Shikamoo. Kwa Kiswahili kabisa, juu ya barua ya ng'ambo. Mkono ulikataa kumwanza baba bila salamu. Tena nikafuatisha pole na kazi, na habari za nyumbani, ndipo nikafika kwenye muziki.

Baba kauliza, kumbe huko nako wanajua shikamoo? Nikasema siku hizi wanafundishwa. Kaitazama simu kitambo. Halafu kaijibu, kwa heshima zote: Marahaba.

Jumatano, 6 Machi

Baba kaondoka na redio ya kaseti na boksi la pasi. Nilipopita karakana kutoka shule nikakuta wateja watatu kwenye benchi, friji limepasuliwa tumbo, na baba kichwa chote kimo ndani, macho kafumba. Mteja mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama fundi ni mzima. Baba kajibu kutoka ndani ya friji kwamba anasikiliza gesi. Gesi haina ngoma. Nilizisikia.

Jioni karudi navyo, kaniita nimwandikie jibu. Yeye anasema, mimi natafsiri, na barua inakwenda kwangu.

Kasema, mwambie huyo ndugu ile si mashine. Ni mwanangu. Alikuwa na miezi mitatu, akashikwa na kwikwi kuanzia adhuhuri mpaka jua likazama. Mama yake anahangaika na maji na mimi nahangaika na kinasa sauti. Nilifukuzwa chumbani mara mbili. Baadaye nikajaribu kuziwekea ngoma zile kwikwi, wiki nzima. Kila ngoma niliyoweka ikaharibu. Basi nikafunga mashine. Mwambie sikufunga kwa hasira.

Sijui kwikwi kwa lugha ya pili. Alama tisini na moja, na sijui kwikwi! Nikaandika "vijirukio vya koo". Vumbi likaniingia jichoni. Halafu na la pili. Baba kauliza kama neno ni gumu. Nikasema gumu sana.

Alhamisi, 7 Machi

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini baba hajamwambia mama neno lolote kuhusu kanda, na binamu keshapima stoo kwa hatua zake. Kwa hiyo Sikio Kubwa kaandika tena. Anakuja mwenyewe! Jumamosi, saa nne asubuhi, kuiona mashine ya Fundi Kelele pale pale ilipo. Nani atathubutu kutupa vitu mbele ya mgeni? Najistaajabia.

Ijumaa, 8 Machi

Najistaajabia kwa namna nyingine.

Mama kafua mapazia yote. Kaazima sahani sita. Binamu kapewa brashi asugue kizingiti. Baba kanyoa ndevu, kaniomba nimfundishe sentensi tatu za kumkaribishia mgeni, na tangu mchana anazirudia mbele ya kioo. Ya pili inamshinda. Anaanza upya. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Binamu akanifuata huko huko. Kasema kaziona barua kwenye simu ya mjomba. Kasema, we Kimya, shabiki gani wa ng'ambo anaomba radhi kwa mwandiko mbaya kwenye barua pepe? Nilidhani atanitangaza nyumba nzima. Kumbe anataka tu nijue kwamba miguu inamuuma kweli, kwamba hajaomba kanda zitupwe, na kwamba na yeye kanda ya nne anaipenda. Anaisikiliza saa ngapi? Nikitoka mimi anaingia yeye!

Nilimpenda kwa dakika moja. Kisha kasema lugha yangu ya pili ina makosa manne, kayahesabu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne. Mapazia yananukia sabuni. Baba stoo, shati limenyooshwa, mashine kaipangusa kwa ile brashi laini anayosafishia mafriji. Kiti cha mgeni mbele yake. Saa nne na nusu. Mama dirishani. Saa tano. Mama kasema labda kapotea njia, maskini, na hajui lugha.

Barua ya tatu ilikuwa tayari mfukoni mwa sketi: ndege imeharibika. Nikamchungulia baba nimpime kama ataamini. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sentensi ya pili.

Barua ikanishinda. Nikaingia kusema yote. Nikabaki nimesimama kama ufagio.

Baba kainuka. Kazisema sentensi zote tatu, bila kosa hata moja, na ile ya pili pia. Kisha kavuta kiti. Keti, mgeni.

Nilipoweza kusema niliuliza alijua lini. Kasema tangu alipoitikia marahaba. Sasa ndevu je, kanyoa za nini? Kasema mtu aliyejisumbua hivyo kuja kunitembelea, nimpokee na ndevu?

Nikauliza lile la chini ya meza. Kwa sauti ndogo, nikitazama viatu. Kama ni mimi niliyemwachisha. Kazungusha kitufe kisichofanya kazi. Halafu kasema miaka mingi alikuwa anatafuta sauti ambayo hana haja ya kuikata. Akaisikia kitandani kwangu. Hakuacha kwa sababu yangu kama mtu anavyoacha sigara. Aliacha kama mtu anavyoacha kutafuta funguo.

Mama kaingia na sahani, kauliza mgeni yuko wapi. Baba kanionyesha kwa kidole. Mama kanitazama mimi, katazama mapazia, kanitazama tena. Kasema mapazia nitayafua mimi mpaka niolewe. Kisha kaketi juu ya ndoo. Tumesikiliza kanda ya nne kwa sauti ya juu, wote wanne, binamu akiwa mlangoni. Mama kasema bado ni nyuki. Lakini nimeuona mguu wake.

Mashine na kanda zimehamia karakana, kati ya mafriji. Jirani kaambiwa atafute kasha lingine. Binamu kalala stoo jioni hii, kanyoosha miguu yote miwili, kapiga kelele ya furaha kama mtu aliyeongezewa urefu.

Jumapili, 10 Machi

Baba kaanza kazi mpya! Mlango wa friji unafungwa mara arobaini. Kaleta nyumbani tuonje. Mama kasema kichwa kinamgonga, kelele za karakana zibaki karakana, na hilo ni neno lake la mwisho.

Nimetubu uongo kabisa. Barua hii ni ya afya tu. Imetoka kwa Daktari Bingwa wa Vichwa, ng'ambo, kwenda kwa mama, na inaeleza kwamba besi nzito hutibu maumivu ya kichwa ikipigwa sebuleni kutwa mara mbili. Safari hii nimekuwa makini. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, hakuna radhi za mwandiko. Daktari kamuuliza tu kama mgongo umepoa tangu alipoanika yale mapazia.

Ndara ukumbini. Zinaburuzwa, basi ni mama. Zimepita jikoni. Hazijasimama. Ukurasa huu nauficha chini ya