Noti ya Nebraska Iliyofuliwa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimetajirika! Ndani ya sanduku la marehemu babu: noti ya dola kumi ya zamani, pana ajabu, ya benki ya kimji fulani huko Nebraska, Marekani, enzi hata vijibenki vilipotoa noti zao. Mkuu wa benki ameisaini kwa wino, kwa mkono wake. Binamu yangu Yaseen anakusanya noti za vijibenki hivyo; anazo tatu, na majivuno ya thelathini. Ameahidi kunipa pikipiki yake. Shangazi Mahfudha kasema, "Iyo ni amana, mutoto. Rudisha." Eti mzungu wa koti jeusi alimwachia babu dukani, shangazi akiwa na miaka saba. Nikamwambia huyo keshakufa. Akasema amana haifi.

Jumanne, 4 Juni
Noti chafu. Mjini hapa wabadilisha pesa wanakataa dola kwa mkunjo tu, sembuse hii! Nikailoweka kwa sabuni ya unga, nikaipiga pasi. Inang'aa! Saini imefutika pia. Si kitu.

Jumatano, 5 Juni
Yaseen alicheka mpaka akakohoa. Kumbe wakusanyaji hupenda uchafu na mwandiko. Sasa hanipi hata kengele ya baiskeli. Nikachukua kalamu, nikasaini jina langu mwenyewe. Vizuri kuliko mkuu wa benki.

Alhamisi, 6 Juni
Adhuhuri. Duka nimelifunga, mtaa wote wa Kibenga umelala. Nageuka: mzungu kakaa kwenye benchi, humu ndani! Koti zito jeusi, joto lote hili, hana tone la jasho. Nilikuwa nimetoka kudeki. Sakafuni nyayo ni zangu tu. Akaomba noti yake, kwa Kiswahili cha hapahapa. Shangazi alichungulia, akajifunika uso. Anasema ni yuleyule wa utotoni mwake, hajazeeka hata siku moja. Niliogopa, nakiri. Nikampa.

Aliitazama saini yangu muda mrefu. Kumbe mkuu wa benki alikuwa baba yake, na mwandiko ule ndio pekee aliobakiwa nao. Nikamtolea dola kumi mpya. "Apana," akasema taratibu. "Mi nataka jina ya baba."

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi kutoka msikitini, bado yupo. Jirani Callixte alikuja kununua sukari, akamkalia bila kumwona. Akalalamika kwamba benchi lina baridi. Saini yangu inafifia kwenye noti. Kwenye kitambulisho changu pia! Jina limebaki nusu. Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 8 Juni
Alhamdulillahi! Chini ya kitambaa cha sanduku shangazi kakuta noti ya pili, saini ya yule baba ipo nzima. Mzungu ameinuka kwa mara ya kwanza. Anasema akiipata ataondoka, na jina langu litarudi. Shangazi alilia kwa furaha, akaenda kuswali.

Lakini ina doa. Mtu kasubiri miaka sitini, nimkabidhi noti chafu? Nitaona haya. Nimeiloweka. Safari hii sabuni kidogo tu.