Bawabu Ananiharibia Tamthilia

Jumatatu, 3 Machi
Gazeti limetoka. Linasema tamthilia yetu inachosha kama foleni ya benki. Sawa, chuki binafsi hiyo. Lakini likaongeza kwamba anayeiokoa ni bawabu. Bawabu! Mimi ndiye ninayecheza tajiri mwenye jumba. Nina suti sita, na nalia kila wiki. Yeye ni mzee aliyekuwa fundi baiskeli, kachukuliwa afungue geti na kusema "Karibu, bosi." Maneno mawili! Mama mkwe amekata habari hiyo na kuibandika kwenye friji. Si kwa ajili yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemnunulia mwandishi wa tamthilia yetu chai na keki. Nikamweleza, kwa nia njema kabisa, kwamba mabawabu halisi hawaongei ovyo. Mwandishi hajalala siku tatu, macho mekundu kama pilipili. Akasema kufuta ni rahisi kuliko kuandika. "Karibu, bosi" ikafutwa palepale. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Tumetazama familia nzima. Nashuka garini natoa hotuba ya dakika nne kuhusu usaliti. Nyuma yangu bawabu, kimya, anafungua geti. Geti linagoma. Analitazama. Analisukuma kwa bega, polepole, kama mtu anayemwamsha baba mkwe. Shemeji yangu kaanguka kutoka kwenye kochi kwa kicheko. Mke wangu akaniuliza, "Hivi mume wangu, pale ulikuwa unasema nini?"

Jumatano, 12 Machi
Dawa nimeipata. Bawabu afe! Nimemwambia mwongozaji kwamba msiba huvuta watazamaji. Amekubali kabla sijamaliza sentensi, maana mwenye stesheni ya televisheni anampigia simu kila saa kudai watazamaji. Nimefanya mazoezi ya kulia bafuni hadi mke wangu akagonga mlango kuuliza nani kafariki.
Bawabu hakulalamika. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Nasikia ni wewe uliyeniombea kipande kirefu. Maisha yangu yote nimeziba pancha za watu, hakuna aliyenitazama usoni."
Nilijisikia vibaya sana. Dakika mbili nzima.

Jumapili, 16 Machi
Kafa vizuri mno. Nilimlilia kwa sauti nzito, nyembamba na ya kukwama. Kamera ikang'ang'ania uso wake. Na yeye alifanya nini? Alinyoosha mkono taratibu, akafunga kifungo cha koti langu kilichokuwa wazi, akafumba macho. Basi. Mama mkwe alilia mpaka miwani ikamdondoka. Hata mimi machozi yalinitoka. Ya hasira, nadhani.

Jumatatu, 17 Machi
Watu wamejaa nje ya stesheni na maua. Mwenye stesheni kauliza kwa ukali ni nani aliyemuua bawabu. Mwongozaji akaninyooshea kidole. Mwandishi naye. Mpambaji wa nyuso naye, na siku ile hata kazini hakuja!

Ijumaa, 21 Machi
Tamthilia yangu imefutwa. Inaanza nyingine: pacha wa bawabu, fundi baiskeli. Jina langu halimo. Nyumbani hakuna aliyenipa pole, walikuwa wanauliza inaanza lini.
Jioni bawabu akanipigia mwenyewe. Amewaambia hachezi bila mimi. "Wewe ulinifungulia njia, mwanangu, siwezi kukuacha barazani." Nitacheza mteja mwenye pancha. Sentensi mbili. Nilimshukuru hadi salio lake likaisha.

Jumanne, 25 Machi
Siku ya kwanza ya kurekodi. Nimefika mapema, mpole, mtu mpya kabisa. Nimemwamkia mzee mbele ya wote na kumbebea kiti. Wivu nimeuacha, namwapia Mungu.
Kisha tukaanza. Nyuma yangu wamemweka mama mmoja wa kufagia karakana. Hana hata neno. Lakini kila nikifungua mdomo, anasimamisha ufagio, ananisikiliza, halafu anafagia pale niliposimama. Mpiga kamera alikuwa ameuma kola ya shati asicheke.
Wakati wa chakula, wote walipotoka, nimeuchukua ufagio na kuufungia kwenye buti la gari langu. Sasa tuone atafagia na nini.