Wifi Kaniibia Jua

Jumatatu, tarehe 16 Novemba

Nimetoka kwa kaka sasa hivi. Naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko huu usilaumiwe.

Binti yetu anaolewa Jumamosi. Baba na mama wa bwana harusi wanafika Jumatano, kutoka milimani kwao ambako watu hulala na mablanketi na kuamka wakitoa moshi mdomoni. Hawajawahi kukanyaga mji huu wa joto. Kikao kilikuwa cha kupanga nani awapokee. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, dada mkubwa wa baba yake. Sikudhani kuna la kupanga.

Kumbe wifi, mke wa kaka, kashapanga. Kawatumia ujumbe wa simu tangu wiki iliyopita. Akatusomea kwa ile sauti yake ya kulamba asali. Njooni na nguo za pamba, nyepesi. Viatu vya wazi. Kunyweni maji, msisubiri kiu. Shughuli za nje zimalizeni asubuhi. Jua likishapanda kaeni ndani mpaka saa kumi. Mchana fungeni madirisha, jioni fungueni. Barabarani fuateni kivuli hata kama njia ni ndefu zaidi. Kaka akawa anatikisa kichwa kama mwanafunzi. Akasema mke wake ana akili.

Akili ya nani? Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno. Wifi aliletwa hapa akiwa bi harusi mpya, katoka mji wa mvua, jasho linamtoka mpaka kope zinashikana. Nani alimketisha uani akamfundisha maji, kivuli na madirisha? Mimi. Leo anayagawa kama urithi wa mama yake.

Nikasema wageni watafikia kwangu. Kaka akasema kwangu ni ghorofa ya juu kabisa, paa la zege, joto kama tanuri. Nikamwambia asiitukane nyumba yangu. Nikamtaja marehemu mama yetu. Kaka akitajiwa mama hukubali chochote. Akakubali.

Wifi akasema sawa, ila niwanunulie feni. Ananishauri mimi kuhusu joto.

Jumanne, tarehe 17 Novemba

Nimeamka na wazo. Ushauri mzuri umeshakuwa mali ya wifi. Nikiwaambia wageni wanywe maji, watasema mama wa bibi harusi alishatuambia. Nitakuwa mwangwi. Kwa hiyo lazima uwepo ushauri mwingine, wangu peke yangu.

Nimewaandikia. Ujumbe wa kwanza mliopata ni wa wapita njia. Wenyeji hasa hatuishi hivyo. Sisi tunavaa nguo nzito ili jua lisipenye. Maji baridi hulegeza mwili, kunyweni chai ya moto. Matembezi ni saa sita mchana, mji mtupu, hakuna msongamano. Hilo la mwisho si uongo. Mji ni mtupu saa sita kwa sababu watu wana akili zao.

Nguo nzito zina maana yake. Mimi ni fundi cherehani, na nina jora la kitambaa cha kijivu lililobaki shule moja ilipoghairi makoti ya wanafunzi. Kizito kama zulia. Nitamshonea baba wa bwana harusi suti, ukumbi mzima uulize nani kashona. Wifi atawapa maji. Mimi nitawapa suti.

Jioni jibu limekuja. Baba huyo ni fundi saa. Kaandika kwa adabu kwamba wamesoma ujumbe wote, na kwa kuwa shangazi ndiye mkubwa, watafuata maagizo ya shangazi bila kupunguza kitu. Huyo ni mtu aliyelelewa.

Feni sikununua. Siwezi kununua feni iliyotajwa na wifi. Nimeazima kwa kinyozi wa ghorofa ya chini. Inanguruma kama inasaga kokoto, na kinyozi kaniapia kwamba ikirudi na kasoro ataninyoa kichwa bila kuniuliza mtindo. Nimemwambia hata akinyoa atakosea. Tumeachana vibaya.

Jumatano, tarehe 18 Novemba

Nimeshinda, na bado nimekasirika.

Niliwaagiza wageni wakishuka kwenye basi wasimame chini ya bango la sabuni, wasisogee mpaka nifike. Nia yangu wifi asiwanyakue. Kwa bahati mbaya nilichelewa. Pasi iliunguza pindo la gauni la mteja, naye akakataa kuondoka kabla hajanitukana akaridhika.

Kufika stendi, kila mahali pana kivuli isipokuwa chini ya bango la sabuni. Wageni wangu wamesimama palepale, mizigo miguuni, jua linawapiga utosini. Fundi saa kavaa sweta, na juu ya sweta koti. Uso unang'aa kama sufuria mpya. Ng'ambo ya pili, kivulini, wifi na mwavuli wake na chupa zake za maji, anawabembeleza wavuke. Fundi saa akamjibu kwa upole kwamba shangazi kasema wasisogee.

Niliwachukua mbele ya macho ya wifi. Nilitembea kama aliyeshinda kesi.

Ila mke wa fundi saa simwelewi. Ni mkunga mstaafu, mfupi, mkimya, anakutazama kama anayekusikiliza mapigo. Koti lake alikuwa kashalivua, na mkononi ana chupa ya wifi, nusu tupu. Ndani ya teksi akaniuliza swali moja tu.

"Shangazi, mbona wewe umevaa gauni jepesi?"

Nikasema ngozi yangu imezoea. Akasema ahaa. Sikuipenda ile ahaa.

Alhamisi, tarehe 19 Novemba

Saa sita mchana nimewatoa kwenda kuuona ukumbi. Barabara tupu kama nilivyoahidi. Hata mbwa walikuwa chini ya magari, wanatushangaa. Fundi saa alikuwa na koti lake, kalifunga vifungo vyote. Nikamweleza kwamba upande wa jua una mandhari nzuri zaidi. Upande wa kivuli ulikuwa kwenye ujumbe wa wifi.

Katikati ya kuvuka, soli ya kiatu chake cha kulia ikabaki kwenye lami, mguu ukaendelea na safari. Lori la taka likasimama na kutupigia honi. Fundi saa akarudi, akaibandua soli kwa vidole, akaigeuza, akasema gundi imeyeyuka. Kasema bila lawama, kama anayemweleza mteja ugonjwa wa saa yake.

Na tulikuwa mbele ya nyumba ya nani? Mlango ukafunguliwa hata kabla sijapumua. Wifi, na ndala mkononi. Alikuwa anachungulia, naapa. Madirisha kayafunga, ndani giza zuri, ubaridi unatoka mlangoni mpaka unanigusa vifundo vya miguu. Akasema karibuni mpumzike hadi saa kumi.

Nikasema tuna haraka. Nikasema mzee atavaa viatu vya marehemu mume wangu, viko nyumbani. Fundi saa akachechemea nyuma yangu na kiatu kimoja na soksi moja. Viatu vya marehemu havikumtosha. Kisigino kimebaki nje. Akashukuru.

Mkunga hakuja nasi. Aliingia kwa wifi, akavua viatu, akakaa. Mgeni wangu mimi, kakaa kwa wifi mpaka saa kumi. Nilikata kitambaa cha suti kwa hasira mpaka mkasi ukagoma.

Ijumaa, tarehe 20 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na umeme, maana umeme ndio wenye makosa.

Umeme ulikatika kabla ya mchana. Feni ya kinyozi ikanyamaza. Chumba changu cha cherehani, sikatai, kilikuwa na joto. Nilikuwa namjaribisha fundi saa suti: koti, kizibao na suruali, vyote vya kitambaa kile, pini kila mahali. Nilishampa chai. Madirisha wazi, jua limeingia ndani kama mwenye nyumba. Nikamwambia asimame wima nitazame bega.

Alisimama wima. Halafu akashuka polepole, kama nguo inayoteleza kwenye kamba, akalala chini.

Mkunga alikuwa kapiga magoti kabla sijaitoa pini mdomoni. "Saidia kumvua," akasema. Tukamvua. Pini zilinichoma, nikaona ni haki yangu, sikusema kitu. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama pasi. Mkunga akasema maji. Nikampa chupa ya chai.

Aliitazama chupa ile. Kisha akanitazama mimi. Sijapata kutazamwa vile tangu nizaliwe.

Wakati huo kinyozi akapanda ngazi, kaja kudai feni yake. Kuona mzee chini, akashuka mbio kwenda kwa kaka. Wakaja wote: kaka, wifi na ndoo, binti yetu na kichwa kilichosukwa nusu. Mkunga na wifi wakamweka mzee vitambaa vya maji shingoni na kwapani, wakampepea kwa vipande vya karatasi zangu za mitindo. Alipofumbua macho wakamnywesha kidogo kidogo. Na neno lake la kwanza alinipa mimi.

"Samahani, shangazi," akasema. "Chai sikuimaliza."

Nilitamani anitukane.

Mkunga hakupaza sauti. Alisema, "Huyu ningempoteza hapa. Na mwanangu anahamia mji huu, awe mikononi mwenu. Niambieni nimwache, au nirudi naye."

Binti yetu akaanza kulia bila sauti. Kaka akanigeukia, akaniuliza nilikuwa nataka nini. Nikasema nilitaka mzee apendeze. Nikaanza kumtaja marehemu mama.

"Nyamaza," kaka akasema.

Nilimbeba mgongoni huyu. Nilimfuta makamasi. Hajawahi kuniambia nyamaza.

Wifi ndiye aliyesema. Hakunitaja. Alimshika mkunga mkono akamwambia, "Mama, usiamue sasa kwenye joto hili. Mzee akalale kwangu, chini kuna ubaridi. Kesho asubuhi, hewa ikiwa nzuri, utaamua."

Hata hilo ni langu. Mwaka ule wifi alipofungasha nguo zake kutaka kumwacha kaka, mimi ndiye niliyemkamata mlangoni nikamwambia kwamba katika mji huu hakuna mtu anayeamua jambo mchana. Akakaa. Nimeketi hapa na suti isiyo na mwenyewe, nafikiria ningemwacha tu aende. Halafu nafikiria binti asingezaliwa. Nimekasirika pande zote mbili.

Jumamosi, tarehe 21 Novemba

Mkunga kaamka, katembea peke yake barabarani asubuhi na mapema, karudi, kasema harusi iendelee. Ila isiwe mchana. Wakaisogeza hadi jua litue. Mimi nimeambiwa na kinyozi. Habari za familia yangu naletewa na kinyozi, akiwa amekumbatia feni yake.

Nilikwenda. Nani wa kunizuia? Nikakaa nyuma, karibu na spika iliyonipiga masikioni mpaka fizi zikauma. Suti niliibeba kwenye mfuko, endapo mzee atajisikia vizuri. Hakuhitaji. Alikuwa mbele na shati jeupe la pamba na ndala, anatabasamu.

Alipopewa kipaza sauti akamshukuru mama mwenyeji wake, wifi, kwa ushauri uliomrudishia pumzi. Akautaja wote, kipengele kwa kipengele. Maji. Kivuli. Madirisha. Watu wakapiga makofi. Nikakazana kuikunja suti ndani ya mfuko.

Kisha wifi akakiomba kipaza sauti.

"Haya mnayonisifia nilifundishwa," akasema. "Nilikuja hapa sijui hata dirisha linafungwa lini. Nililia kila siku. Mwalimu wangu ni yule pale nyuma. Wifi, simama wakuone."

Nikasimama. Ukumbi mzima ukageuka. Binti yetu akanipungia mkono, na machozi kwenye poda. Makofi yakaja mengi. Mkunga alipiga mwisho, polepole, lakini alipiga. Nilikuwa na unyevu machoni, na ukumbi ule ulikuwa na joto, jasho huingia popote.

Kwa muda mfupi sikuwa na hasira na mtu yeyote. Nilijiona kama nimevuliwa nguo.

Nilipoketi ndipo nikaelewa. Kanisamehe hadharani. Mbele ya wakwe, kwa kipaza sauti, kanigeuza mtu wa kusamehewa. Kuna tusi kubwa kuliko hilo? Nimerudi nyumbani, nimelala na hasira yangu, imenifaa kuliko shuka.

Jumapili, tarehe 22 Novemba

Tumewasindikiza wageni stendi. Asubuhi, kivulini. Fundi saa kanishika mikono yote miwili, kasema suti angeomba aende nayo, kwao itamfaa sana. Nimempa. Kwa hiyo suti ilikuwa nzuri, ni mji tu ulioikosea. Niliwaambia.

Wametualika sote kwao mwezi wa sita, kwenye baridi. Mkunga akatoa ushauri wa kule. Makoti mazito. Soksi mbili. Msioge maji baridi alfajiri. Msilale na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Ushauri mzuri, nakiri. Ila alimwambia nani kwanza? Wifi. Walikuwa wameinamiana kama dada wa tumbo moja. Mimi akaja kunirudishia baadaye, yaleyale, yakiwa yameshapoa.

Jioni wifi kanipigia simu kuniuliza tukanunue makoti pamoja. Nimemwambia sihitaji. Nitakwenda na magauni yangu ya pamba na ndala. Baridi ni mambo ya kujiendekeza. Mtu akiivalia makoti ndipo inampata.

Halafu nimefikiria wale watu wa milimani, wanavyotetemeka miaka yote kwa kukosa wa kuwaelekeza. Nimekaa mezani. Nimeanza kuwaandikia namna ya kuishi na baridi yao.