Fomu ya Likizo ya Shangazi Petkana

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Mkurugenzi Karadzhov ametangaza nafasi ya Naibu Mkuu wa Utawala hapa taasisi yetu ya mbegu. Atamteua mtu wiki ijayo. Alipotamka neno "utawala" aliniangalia mimi. Au aliangalia saa ya ukutani nyuma yangu. Nadhani mimi.

Mpinzani ni mmoja tu: Zornitsa wa maabara. Anaijua alizeti kuliko inavyojijua yenyewe, anachangamka na wageni, na mji mzima wa Dobrich unamwita Zori. Mimi nina miaka kumi na tisa hapa na bado wananiita Patarov, kama mshukiwa anayesomewa jina kituoni polisi.

Lakini silaha ninayo. Hapa kwetu ukitaka gari au likizo unaandika kwenye daftari lililofungwa kwa uzi mlangoni kwa Shangazi Petkana, katibu wetu na shangazi wa ofisi nzima. Uzi! Nitatengeneza fomu ndani ya kalenda ya pamoja, ile ya barua pepe za ofisi. Mtu anajaza, mimi nabofya, siku yake inajipaka rangi. Chini kabisa: "Imebuniwa na E. Patarov." Kwa herufi ndogo. Si ndogo sana.

Jumanne, 7 Oktoba

Fomu imekamilika! Sehemu ishirini na mbili za kujaza, kumi na nne za lazima. Nimeichapisha saa nne, nikakaa kusubiri sifa.

Hakuna aliyeiona. Kila aliyefungua kalenda alikuta ukurasa ule ule wa siku zote. Nikamwita Lyuben, fundi wa kompyuta. Akaja na sandwichi mkononi, akatazama sekunde tatu, akasema nimeichapisha kwenye folda yangu binafsi, si ya pamoja. "Umepika sufuria nzima, kaka, halafu ukajifungia nayo chumbani." Alicheka hadi makombo yakaingia kwenye kibodi yangu.

Nikaihamishia folda ya pamoja. Sasa mtu akibofya siku yoyote, inafunguka fomu yangu tu. Hakuna pa kupenyea.

Lyuben aliniuliza kwa nini mtu anayeomba likizo analazimika kuandika namba ya gari. Nilimwambia fomu ni moja kwa wote. Usawa.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku tukufu. Mkutanoni Mkurugenzi ameisifu fomu. Amesema hatimaye tunaingia Ulaya. Zornitsa alipiga makofi mawili, nimeyahesabu. Baada ya mkutano nilikata ule uzi kwa mkasi mbele ya watu na daftari nikalifungia kwenye droo yangu. Funguo ziko mfukoni.

Mchana alikuja Shangazi Petkana. Anataka likizo ya siku moja, Jumanne ijayo. Mwanawe Momchil, mpishi huko Toronto, anapita Sofia akielekea kazini Dubai. Atakuwa uwanja wa ndege kwa muda wa saa nne tu, kuanzia saa sita mchana. Hajamwona miaka sita. Atapanda basi Jumatatu jioni, afike alfajiri, amsubiri.

Nilimwambia vizuri sana, ajaze fomu. Akaniomba nimjazie, macho yake hayapatani na kioo cha kompyuta. Nikamjibu kwamba mfumo haujui upendeleo. Nilijisikia mtu wa maana niliposema hivyo.

Ilimchukua dakika arobaini. Kwenye namba ya gari aliandika "sina gari", fomu ikakataa, inataka tarakimu. Zornitsa akamnong'oneza aandike sifuri nne. Ikapita. Niliiona ikiingia kwangu, na kwenye sababu ameandika neno moja: "Mwanangu."

Ningeweza kubofya pale pale. Sikubofya. Maombi yamefika kumi na mawili, na nimepata wazo: Ijumaa nitayaidhinisha yote mara moja mbele ya Mkurugenzi. Mbofyo mmoja, kalenda nzima inachanua kama shamba la alizeti.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, kabla ya maonyesho, niliona majina ya sehemu hayana hadhi. "Jina" nikalifanya "Jina Kamili la Mwombaji". "Siku" nikaifanya "Tarehe Husika ya Kutokuwepo". Nikachapisha upya. Kazi ya dakika tano.

Saa tano Mkurugenzi akasimama nyuma yangu na kahawa yake. Zornitsa naye, na wengine sita. Nikafungua ombi la kwanza. Tupu. La pili. Tupu. Yote kumi na mawili, meupe kama shuka. Fomu mpya ilikuwa inatafuta majina mapya ndani ya maombi ya zamani, wala haikuyakuta. Nikabofya hata hivyo. Kalenda haikubadilika hata kidogo.

Nikasema huo ni ulinzi wa taarifa. Mkurugenzi akaitikia na kunywa kahawa. Mtu wa mbegu, mtu mwema, anaamini chochote chenye neno "taarifa".

Zornitsa alibaki. Akauliza taratibu: na la shangazi? Nikamwambia mfumo unalishughulikia. "Patarov, mfumo ni wewe."

Nikajifanya simu inaita.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilikuja na nia ya kumwambia Mkurugenzi kwa mdomo. Nusu dakika ingetosha. Likizo ya Petkana, kesho, mwanawe, ndiyo, asante.

Lakini alinitangulia. Alikuwa mbele ya kompyuta yake, anatabasamu. Wageni kutoka Pleven wanakuja kesho saa tatu, akasema, na kwa mara ya kwanza maishani ameweza kupanga bila kumuuliza mtu. Ametazama kalenda tu: kesho hakuna mwenye likizo, basi Petkana atawapokea. "Kazi safi, Patarov. Safi kabisa." Akanigusa bega.

Miaka kumi na tisa. Hajawahi kunigusa bega.

Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakarudi. Nikasema asante.

Wakati wa chakula Shangazi Petkana alikuja mezani kwangu na bakuli lake la supu ya maharage. Akauliza kama ombi lake limepita, maana Mkurugenzi amempa wageni. Labda amesahau? Nikamwambia liko kwenye foleni. Akauliza foleni ni ndefu? Nikasema ya wastani.

Yeye si mtu wa kutoroka. Miaka thelathini na moja hajakosa siku bila ruhusa, hata alipofiwa na mumewe alileta karatasi. Wala si mtu wa kumgongea Mkurugenzi mlango kwa jambo la nyumbani. Aliambiwa ajaze fomu, akajaza.

Saa kumi na moja nilimwona dirishani akielekea nyumbani. Kituo cha mabasi kiko upande wa pili. Nilikuwa na koti mkononi. Ningeweza kukimbia nimwite.

Nilisimama mpaka akakata kona.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo ni siku ya Mtakatifu Petka, siku ya jina la Shangazi Petkana, ambayo kwetu husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Nilikuwa nimesahau. Amekuja na blauzi ya bluu, sanduku la chokoleti kwa kila chumba, na trei ya banitsa, pai yetu ya jibini, aliyoioka asubuhi. Wageni wa Pleven walimsifu. Akawahudumia, akacheka vichekesho vyao. Kila baada ya muda anatazama saa.

Saa sita na dakika ishirini simu ya ofisi ikaita na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sauti ya mwanamume, makelele ya watu nyuma yake. Akaomba kuongea na mama. Akasema amezunguka ukumbi wote mara mbili, hamwoni, yuko salama kweli?

Nikamwita. Alikuja akikimbia, mkono una unga wa sukari. Aliongea amesimama. "Mimi mzima, mwanangu. Kazi tu, wageni wamekuja. Hapana, hapana, usilie, mtu mzima wewe! Umekula? Kula kwanza. Nunua kitu cha moto." Akacheka. Kisha akasikiliza, ameushika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

Alipoiweka chini alikwenda kuosha vikombe. Vilikuwa vimeshaoshwa. Aliviosha tena, vyote.

Zornitsa alipita mlangoni kwangu, akaufunga mlango kutoka nje. Afadhali angenitukana.

Jioni nimekuta kipande cha banitsa mezani kwangu, kimefungwa kwa kitambaa cha karatasi. Kila mtu alipata, na mimi hakuniacha. Niliapa sitakigusa. Nikakila. Kilikuwa kitamu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekiri. Nilimwambia Mkurugenzi yote, isipokuwa ile sehemu ya kungoja maonyesho. Na ile ya bega. Na ya koti. Kwa hiyo si yote.

Alisikiliza, akawa mwekundu. Akauliza swali moja tu: kwa nini hukuja kuniambia? Akaniamuru nifute fomu na nirudishe daftari kwa mikono yangu. Nikalirudisha. Uzi niliukata mfupi, ikabidi nifunge mafundo mawili, na sasa anayeandika anainama.

Unaibu amepewa Zornitsa. Sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba haikuniuma nilivyotarajia. Nafasi ya maumivu ilikuwa imeshachukuliwa.

Nilikwenda kwa Shangazi Petkana. Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu, ikatoka nusu. Aliweka miwani chini. "Evlogi," akasema. Hakuna anayeniita Evlogi. "Ungeniambia tu kwamba halijapita. Ningekwenda kumwomba kwa mdomo. Mimi nilidhani wamekataa." Akaongeza kwamba Momchil huenda akapita tena masika, au mwaka mwingine, huwezi kujua. Kisha akaniuliza kama nataka chai.

Nilisema sina muda. Nilikuwa na muda wote duniani. Nilikaa chooni dakika ishirini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Silali vizuri. Nimefikiria siku mbili tatizo lilikuwa wapi hasa. Leo nimeelewa. Mtu akitaka kuomba radhi katika taasisi hii, hana utaratibu wowote! Anabaki kusimama mlangoni na sentensi nusu. Hakuna pa kujaza.

Nimetengeneza fomu. Ndogo safari hii, sehemu tisa tu: kosa, tarehe ya kosa, kiwango cha majuto kuanzia moja hadi kumi (nimeweka kumi, kwa dhati), na kadhalika. Nimeipa rangi ya bluu kama blauzi yake. Nimeichapisha folda ya pamoja, kwa hiyo ofisi nzima imeiona. Lyuben amepita akinitazama kama mgonjwa. Zornitsa ameniambia niinuke kitini, niende hatua kumi na mbili mpaka mlangoni kwa shangazi. Hajui mambo ya mifumo.

Mwishoni kuna kitufe cha Shangazi Petkana kubofya. Ni kimoja: "Nimesamehe". Cha pili sikuona haja yake.

Mpaka saa kumi na moja hajaifungua. Jumatatu nitaifanya iwe ya lazima.