Siku Niliyoenda Mavuno Nikiwa Maiti

Leo nimechekwa na watu walioshika Biblia. Si kuchekwa kidogo. Mchungaji mwenyewe aliketi chini akashika mbavu. Sasa niko nyumbani, Kariobangi, miguu nimeiloweka kwenye karai, unga bado uko nyuma ya masikio, na nimeamua kuwaambia mimi mwenyewe kabla hamjaona picha. (Picha ziko. Ziko nyingi.)

Nianze mwanzo ili mjue makosa si yangu yote. Ni yangu kama robo tatu hivi.

Binti yangu Neema ana miaka sita. Anasoma kwa akademi moja hapa karibu, shule ndogo geti kubwa, na inapenda mambo ya ng'ambo kuliko watu wa ng'ambo wenyewe. Mwaka jana walitangaza Siku ya Majani. Eti huko kwa Wazungu mwezi wa kumi majani hubadilika rangi na kuanguka, kwa hivyo kila mtoto abebe majani makavu. Majani gani yanaanguka Kariobangi? Huku mwezi wa kumi kinachoanguka ni vumbi. Neema alienda na sukuma wiki iliyokaukia dirishani. (Alipewa nyota.)

Mwaka huu wakaja na Halloween. Ile siku yao ya kuvaa kama mizuka. Karatasi ikaletwa nyumbani: Jumamosi, ukumbini, watoto watasema mashairi, wazazi waje wamevaa mavazi ya kutisha, kila familia ilete malenge lililochongwa macho na meno. Malenge! Nyumba ambayo tunagombania nyanya ya mwisho, tuchonge malenge meno!

Lakini Neema alikuwa amepewa shairi. Mistari minane, peke yake, kwa maikrofoni.

Sasa elewa. Mimi nasuka nywele. Jumamosi ndiyo siku ambayo kila mwanamke wa huku kwetu Eastlands anakumbuka ana kichwa. Kwa hivyo nimekosa shughuli mbili za shule mfululizo. Ya kwanza Neema alienda na nyanya yake, shosho. Ya pili akaambiwa na mtoto anayeitwa Prince, "Wewe huna mama. Wewe una shosho na begi." Wiki jana akiwa anakunywa uji akaniambia, bila kulia, na hiyo ndiyo iliniuma:

"Mama, nikisimama pale nisipokuona, sitasema."

"Utasema."

"Sitasema hata neno moja. Nitasimama tu."

Namjua. Hiyo ni damu yangu. Angesimama pale mpaka Krismasi.

Basi nikaapa. Nitafika. Nitafika nimevaa kuliko wazazi wote, mpaka Prince aende nyumbani akaote ndoto mbaya.

Hapa ndipo niwaambie kuhusu grupu ya wazazi kwenye simu, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Mkubwa wa grupu ni Mama Prince. Mama Prince huamka saa kumi na moja kutuma maua na mistari ya Biblia, na saa kumi na mbili anaanza kusema watu. Wiki tatu zilizopita aliandika: "Wazazi wapendwa, kuna watoto wanakuja na soksi zisizofanana. Usafi huanza nyumbani. Mbarikiwe." Kila mtu alijua ni Neema. Mimi nikajibu mambo mawili matatu (sita) kuhusu nyumbani kwake, kisha nikatoka kwa grupu. Nilitoka kwa kishindo. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango mbele ya uso wa gavana.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyeniambia kitu tena. Na mimi sikuuliza. Niulize nani? Mama Prince?

Ijumaa Neema akarudi shule akasema, "Mama, Madam amesema kesho tuvae nguo za kanisa."

Sasa Neema ana gauni lake la pinki la kanisa. Angeweza kulivaa akiogeshwa, angelivaa. Kila siku ana sababu mpya. Nikamwambia, "Ndiyo, ndiyo, Madam amesema." Asubuhi akakataa katakata kuvaa vazi la mifupa nililomshonea, nikachoka, nikamwacha aende na pinki yake. Gari la shule likamchukua mapema wakafanye mazoezi. Kabla hajapanda akanishika kidole.

"Utakuja?"

"Nitakuja. Na hutanisahau."

(Hilo nililitimiza.)

Vazi langu nililipanga kwa akili. Nilijua wengine watafunga karatasi nyeusi za taka wajiite wachawi. Mimi nikasema hapana, nataka kitu ambacho mtu wa huku ataogopa kweli. Nikawa maiti. Mnajua sisi mwanamke tukimzika humvalisha vizuri kuliko alivyowahi kuvaa akiwa hai. Nikatoa lile gauni jeupe nililosimamia nalo harusi ya binamu yangu. Nikajipaka unga wa ngano uso mzima. Nikaweka pamba puani, kila tundu donge lake. Na kwa sababu maiti hawavai viatu, nikavaa soksi nyeupe tupu. Nikajiangalia kwa kioo nikasema pole. Nilijionea huruma mwenyewe!

Malenge nalo nilikuwa nimelichonga usiku wa kuamkia jana kwa kisu cha mkate. Yule mama mboga aliyeniuzia aliniuliza nitalipika na nini. Nikamwambia silipiki, nalitoboa macho. Akasema, "Haya. Lakini ukiulizwa, hukulinunua kwangu."

Nikatoka. Kufika kwa steji ya boda boda, vijana watano wakavua helmeti. Kwa heshima! Mmoja tu ndiye aliyenisogelea.

"Mathe, unapelekwa wapi?"

"Sipelekwi. Naenda. Shule."

"Shule ama makaburini Lang'ata? Mimi sibebi maiti bila kibali cha mazishi."

"Niko hai, wewe!"

"Wote husema hivyo." Akaangalia malenge, malenge likamwangalia. "Sawa, panda. Lakini usinishike kiuno."

Nikapanda bila kumshika kiuno, malenge mapajani, gauni likipepea. Barabara yetu inachimbwa tangu sijui lini, na mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga. Jua lile la kukausha mawe. Nikatoka jasho. Jasho likakutana na unga. Unga ukakutana na vumbi. Naomba muelewe kwamba nilianza safari nikiwa maiti wa leo asubuhi, na nikafika nikiwa maiti aliyeshafukuliwa. Uso ulikuwa umekandika, ungeweza kunisukuma chapati.

Kwa geti askari aliniona. Aliniachia geti, akaniachia na rungu, akaelekea upande wa choo kwa mwendo ambao sijawahi kuona mtu wa makamo akienda.

Uwanja ulikuwa kimya. Nikajua nimechelewa. Nikakimbia na soksi mpaka mlango wa ukumbi, na hapo nikasikia sauti ya Madam, yule mkuu wa shule, kwenye maikrofoni:

"Neema, sema, mama. Sema tu. 'Asante kwa...' Neema? Watu wanakungoja."

Kimya.

Mtoto wangu amesimama pale mbele, anaangalia mlango. Sikufikiria tena. Nikausukuma mlango kwa nyonga, nikainua malenge juu ya kichwa, na kwa sauti ya mtu mwenye pamba puani nikapiga kelele:

"NIMEMFUATA NEEMA!"

Jamani.

Jamani, jamani.

Ukumbi mzima uligeuka. Na hakukuwa na mchawi hata mmoja. Hakukuwa na mzuka. Kulikuwa na suti. Kulikuwa na kofia za wamama wa kanisa, zile zenye manyoya. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na juu yake ndizi, miwa, mahindi, mihogo, maparachichi, kuku wawili waliofungwa miguu, na malenge. Malenge mazima. Hayana macho. Na ukutani, kwa herufi za maua: IBADA YA SHUKRANI YA MAVUNO.

Baadaye nilielezwa kwamba wazazi walilalamika kwamba Halloween ni ya shetani, shule ikaogopa, ikabadilisha hadi mashairi, ikaalika mchungaji. Ilitangazwa Jumatano. Kwenye grupu.

Lakini hapo sikuwa nimeelezwa. Hapo watu walikuwa wanapiga nduru. Baba mmoja mwenye tai alitoka kwa dirisha, na mlango mwingine ulikuwa wazi kando yake. Madam alijificha nyuma ya gunia la mahindi. Kuku mmoja akafunguka. Na mchungaji, kwa kweli nampa heshima yake, ndiye peke yake aliyenijia mbele, mkono juu, chupa ya mafuta mkononi.

"Toka!" akaniambia.

"Sitoki!" nikasema. Nitoke vipi? Mtoto wangu hajasema shairi!

"Nasema toka!"

"Nimesema sitoki! Nimekosa mara mbili, leo sitoki!"

Wamama wa kofia wakaanza kuomba kwa sauti. Wawili wakanishika mabega. Mchungaji akainama, akaniangalia machoni.

"Wewe ni nani?"

"Mama Neema!"

"Mko wangapi humo ndani?"

"Niko peke yangu! Baba yake yuko kazini!"

"Unataka nini kwa huyu mtoto?"

"Nataka aseme!"

"Hatasema!" mchungaji akanguruma. Ukumbi ukaitikia, "Amina!" Mafuta yakamwagika juu ya unga. Sasa chapati ilikuwa tayari kuwekwa kwa moto. Nikaanza kulia, si kwa mapepo, kwa hasira, na pamba moja ikachomoka puani ikaangukia kiatu cha mchungaji. Akaruka nyuma. Mama mmoja akasema, "Limetoka moja! Limebaki moja!"

Na hapo ndipo maikrofoni ikalia. Sauti ndogo, kavu, ya mtu aliyechoshwa na watu wazima.

"Mwachilieni. Huyo ni mamangu. Nilimwambia avae nguo za kanisa, hakusikia."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

Halafu mtu wa nyuma akacheka. Akajaribu kuficha kwa kukohoa, ikashindikana. Akafuata mwingine. Mchungaji aliangalia pamba, akaangalia malenge, akaniangalia mimi, mdomo ukaanza kumcheza, akatafuta kiti akakikosa, akaketi chini. Ndipo hapo aliposhika mbavu. Wamama waliokuwa wananiombea sasa walikuwa wananishikilia ili wasianguke wenyewe.

Neema hakucheka. Neema alinyoosha gauni lake la pinki, akaniangalia, akahakikisha ni mimi, na akasema shairi lake. Mistari yote minane. Hakuruka neno. Sauti ilifika mpaka kwa geti, maana askari alirudi. Alipomaliza akamwelekezea Prince kidole, Prince amejificha chini ya benchi, akasema kwenye maikrofoni iyo hiyo, "Umeona? Niko naye."

Nilipiga makofi peke yangu kwa muda, kisha wote.

Mngedhani imeishia hapo. Haikuishia. Mavuno bila mnada si mavuno, na vitu vyote vya meza vikauzwa kwa sauti, na malenge langu likawekwa pia, kwa sababu Madam alisema kilichoingia kwa mlango wa ukumbi ni sadaka. Likainuliwa. Likatutolea meno. Hakuna aliyenunua. Mchungaji akasema, "Ndugu zangu, hili likikosa mnunuzi litalala hapa na nani?" Ndipo mwanamume mmoja mnene akasimama. Baba Prince! Ana bucha kule soko la Burma. Akasema analichukua, ataliweka juu ya kaunta, wateja wanaoomba mkopo walione kwanza.

"Baba Prince, keti chini!" mkewe akamwambia.

"Nimeshanunua," akajibu, akalipakata kama mtoto.

Mama Prince akanijia. Nikajiandaa. Nilikuwa tayari hata kupigana, maiti hana cha kupoteza. Aliniangalia kuanzia kichwani, unga, mafuta, pamba moja, gauni, akashuka pole pole mpaka chini. Akasimama hapo.

"Mama Neema," akasema, kwa upole ule wa maua yake ya asubuhi. "Hata leo soksi hazifanani."

Nikaangalia. Moja ilikuwa na mstari wa bluu.

Nilifungua mdomo nijibu, unga ukapasuka shavuni.

Nimefika nyumbani nikakuta amenirudisha kwa grupu. Picha ya grupu sasa ni mimi, malenge juu ya kichwa. Chini yake ameandika, "Karibu tena, mama. Mbarikiwe." Wazazi hamsini na wawili wamecheka. Anayetaka kucheka hapa pia awe na huruma angojee nikishafunga simu.

Neema naye amekula, ameoga, amekataa kuvua pinki. Sasa hivi amenisogelea, amenishika kidole, anauliza, "Mama, siku ya kufunga shule utakuja ukiwa nani?"

Nimemwambia nitakuja nikiwa mtu aliyevaa viatu.