Kofi la Kiserikali

Wananchi wa Tanta, furahini! Kamati ya Kupima Ulaini wa Mioyo ya Vijana imekamilisha kazi yake kwa ufanisi wa asilimia mia na ushee. Mimi ni Katibu Msaidizi, nilikuwepo, kwa hiyo achaneni na porojo za mikahawani.

Tatizo mnalijua. Vijana wetu wanacheza gemu za kuuana. Wanamaliza jeshi zima kwenye kioo, halafu wanaagiza sahani ya kushari na kuila kwa hamu. Mkurugenzi wetu, Mhandisi Bayumi, akauliza swali zito: wakiona ukatili wa kweli, moyo bado unashtuka, au umekuwa sugu kama kisigino? Tukaazima mashine ya kupima mapigo ya moyo. Ilikuwa na nyaya mbili: mmoja wa kijana, mwingine wangu mimi, nikiwa mfano wa mtu mzima mwenye maadili.

Ukatili wa kweli ulitolewa na ofisi. Mbele ya kila kijana Mkurugenzi, kwa mkono wake mwenyewe, alimzaba kofi Ami Zaghlul, mzee wetu wa chai.

"Kwa nini mimi, mheshimiwa?"

"Una shavu linalosikika vizuri."

Mzee akaligeuza shavu.

Tulianza na wateja wa Hajjati Shawkia, mjane mwenye duka la gemu, kompyuta kumi na mbili na mdomo wa moto. Sharti lilikuwa jepesi: moyo mmoja tu ukikosa kuruka, duka linapigwa lakiri nyekundu.

"Lile duka ndilo linalonilisha," alisema. "Mkilifunga, nahamia hapa na godoro langu!"

Tukayaandika kama maoni ya wadau.

Kijana wa kwanza: pa! Mapigo yakapanda kutoka themanini hadi mia na arobaini. "Ami, umeumia?" akauliza. Wa pili akalia. Wa tatu, jitu la miraba minne lenye ushindi mia tatu wa vita, likazimia na kuangukia sinia la chai. Akafuata Nashwa, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye huko kwenye gemu anaitwa Mchinjaji. Akasimama mbele ya mzee.

"Mguse tena uone. Nakung'ata!"

Tukaandika: amezuia kifaa cha serikali kufanya kazi. Moyo wake, mia na hamsini.

Hadi adhuhuri, makofi arobaini na tisa, mioyo arobaini na tisa imeruka. Na mimi pembeni? Kofi, sabini. Kofi, sabini. Nilikuwa nawaza kama mke wangu amekumbuka kununua bilingani.

Mkurugenzi akapandwa na hasira. "Haiwezekani! Mashine inawapendelea hawa watoto. Nifungeni mimi!"

Tukamfunga. Akamzaba Ami Zaghlul kofi la hamsini, la kunyoosha bega kabisa. Sabini na mbili. Haikusogea hata nukta.

"Mmeona?" akasema kwa fahari. "Huruma yangu inajulikana mkoa mzima, na mashine haijasoma kitu. Mashine mbovu! Matokeo yote batili! Leteni lakiri!"

Hajjati akapiga yowe. "Yarabi! Moyo wako umekufa, unataka kuuzikia dukani kwangu?"

Nashwa alikuwa ameshachukua karatasi ya kanuni za Kamati mezani. "Katibu, hebu tusomee ya tisa."

Nikasoma. *Kila baada ya kupiga mara hamsini, anayepiga na anayepigwa watabadilishana nafasi, ili kuepusha uchovu.*

Nilijua ilikotoka. Kanuni zetu nilizinakili kutoka kwa zile za wapiga mihuri, pale kwenye "anayefunua karatasi" nikaweka "anayepigwa". Mkurugenzi akazigonga muhuri wa tai, yule ndege wa nembo ya taifa, bila kusoma, kama ilivyo desturi njema ya ofisi.

"Upuuzi gani huu?" akafoka.

"Ina tai, mheshimiwa," nikasema kwa masikitiko. "Yenye tai haikiukwi."

Ami Zaghlul akaweka sinia chini. Akapangusa kiganja kwenye kanzu, taratibu, kwanza ndani, kisha nje.

"Utanisamehe, mheshimiwa. Kazi ni kazi."

Pa!

Mia na sitini na nane.

"Mashine nzima!" vijana wakapiga kelele.

"Ukatili!" Mkurugenzi analia, ameshika shavu. "Unyama! Hii nchi haina watu?"

"Bado arobaini na tisa, ami," Nashwa akamkumbusha mzee.

Sijawahi kuona Mkurugenzi akisaini hati upesi namna ile. Matokeo ni halali, mioyo ya vijana ni laini, duka la Hajjati Shawkia liko wazi. Hajjati akamwangukia Ami Zaghlul kwa vigelegele, akamketisha kwenye kiti cha Mkurugenzi, na chai safari hiyo akaimimina yeye.

Nikabaki na karatasi yangu. Sabini, sabini, sabini, kutwa nzima. Halafu kofi la hamsini na moja: mia na thelathini na tano. Fomu inataka sababu. Nikaandika "huruma", Mungu anisamehe, nikakimbilia chooni kwenda kucheka.