Kiti cha Kushusha Mapigo

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa idara ametangaza. Chumba cha utafiti chenye kiyoyozi ni kimoja, watafiti tuko wawili. Ijumaa kila mtu aonyeshe matokeo mbele ya jopo. Atakayeshindwa anahamia stoo, akae na mifagio. Mimi ni mwanafizikia. Kiti changu hutetemeka polepole na kushusha mapigo ya moyo ya mtu mwenye msongo. Mpinzani wangu ni mtaalamu wa fiziolojia, anakusanya mate ya watu kwenye vichupa apime homoni ya msongo. Mate! Namwita Bibi Mate, ingawa si mbele yake. Chumba ni changu, hakuna ubishi.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Nimemkalisha shemeji, mdogo wa mke wangu, asiye na kazi na kwa hiyo ana nafasi. Kabla ya kiti, mapigo sitini na nne. Baada ya kiti, sitini na nne. Tena alikoroma! Nikamuuliza hana wasiwasi wowote maishani? Akasema wasiwasi wa nini, shemeji, na kwako nakula nalala. Yaliyopanda ni mapigo yangu. Hapo ndipo akili ikafunguka. Aliyetulia hatulizwi, lazima kwanza ashtuke. Wakati mwingine najiogopa mwenyewe kwa akili hizi.

Jumatano, 6 Machi

Sasa nawashtua kwanza, kisha napima. Karani wa mitihani nimemwambia panya wametafuna majibu ya wanafunzi wote. Mia na kumi na nane! Nikamweka kitini, nikamwambia natania, yakashuka hadi themanini. Kiti kimefanya kazi, utani ni nyongeza tu. Mtunza maktaba nimemwambia paa linavuja juu ya rafu zake. Safi sana. Shemeji nimemwambia dada yake amemtafutia kazi. Midomo ilimkauka.

Bibi Mate akachungulia mlangoni. Akaomba kwa upole achukue mate ya wanaotoka kwangu, maana watu wake wamepoa mno. Nikamwambia achukue hata ndoo. Nilimhurumia, masikini.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu amenuna. Anasema mdogo wake hali, halali, anauliza kazi inaanza lini. Kumbe sikumwambia natania. Nimetafakari. Nimeamua nisimwambie.

Ijumaa, 8 Machi

Siku yangu! Mkuu wa idara mwenyewe alikubali kukaa kitini mbele ya jopo. Nikamnong'oneza kwamba wakaguzi wako getini na wanaulizia ufunguo wa ofisi yake. Mia na hamsini! Kabla sijawasha kiti akaruka na nyaya kifuani, akakiburuta kiti hadi kwenye korido, mguu mmoja wa kiti ukabaki kizingitini. Tukamsikia anajifungia ofisini. Kisha tukasikia karatasi zinachanwa, nyingi. Jopo zima likatazama dari. Grafu yangu inapanda tu, halafu imekatika.

Akasimama Bibi Mate. Akanishukuru hadharani, eti hajawahi kupata mate yenye msongo mzuri kama ule. Halafu akatoa sumu. Habari ya panya ilikuwa imeenea ofisi nzima ya mitihani, naye akawapima makarani wengine, ambao hawakukalia kiti chochote. Walipoambiwa ni uongo, wakatulia vilevile. Jopo likampigia makofi. Nyoka!

Jumamosi, 9 Machi

Nimehamia stoo. Mkuu wa idara amepita, akaniangalia, akaharakisha hatua. Hilo limenipa muda wa kufikiri kisayansi. Kiti hakina kosa. Kosa ni kumwachia mtu nafasi ya kusimama. Nimekipiga misumari, nimekifunga mikanda miwili, mmoja wa tumbo na mmoja wa miguu, nimekileta nyumbani. Wa kwanza kukaa ni mke wangu. Nitamwambia kwamba mama yangu anahamia kwetu moja kwa moja.

Nimechungulia sebuleni. Shemeji analia, mke wangu amesimama karibu yake, mikono kiunoni, ananiita kwa jina langu kamili. Vizuri sana. Huyu mapigo yameshampanda yenyewe, kilichobaki ni kumfunga mikanda.